Farasi mmoja, mwaka mzima: mwongozo kamili wa kupiga picha za farasi msimu kwa msimu

Mpige picha farasi mmoja, mahali pale pale, mara mbili kwa mwezi kwa mwaka mzima, kisha zipange picha zote mezani. Mgeni atadhani ni farasi watatu. Yule wa baridi ana ndevu chini ya kidevu na tumbo linaloonekana nene kuliko lilivyo. Yule wa jua kali anang'aa kama shaba iliyosuguliwa, na mishipa imemchomoza usoni. Yule wa katikati anatoka manyoya mafungu mafungu, utadhani mkeka uliochakaa.

Tunaoanza huwa tunautafuta msimu kwenye miti na mawingu. Nilifanya hivyo miaka miwili nikapata picha nzuri sana za miti. Siku nilipoanza kumtazama farasi mwenyewe, yaani manyoya yake, mwendo wake na jinsi anavyosimama upepo ukivuma, ndipo picha zilipoanza kusema ni mwezi gani bila hata jani moja kuonekana.

Mwongozo huu ni wa mtu anayepiga picha kwa kupenda tu, mwenye kamera ya kawaida au simu, na mwenye ruhusa ya mwenye farasi. Ruhusa hiyo iombe kila unapokwenda, hata kama mmezoeana.

Hatua ya kwanza: nenda bila kamera

Siku ya kwanza keti nje ya ua utazame. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu digrii 350 kumzunguka. Sehemu asizoziona ni mbili: nyuma kabisa ya mkia, na mbele ya paji la uso, karibu sana na pua. Huko kote usitokee ghafla. Msogelee kwa mshazari ukielekea begani, huku unaongea kwa sauti ya kawaida. Ukinyata kama anayevizia, atakuona kama simba.

Kisha soma masikio, maana ndiyo yanayoamua kama picha itafaa. Yakielekea mbele, kuna kitu kimemvutia. Yakilegea pembeni, amepumzika, pengine anasinzia. Moja mbele na jingine nyuma, anasikiliza pande mbili, mara nyingi ni kwa sababu ana mtu mgongoni. Yakilazwa nyuma hadi kugusa shingo, amekasirika; ondoka hapo. Hata kama picha nyingine yote imekaa vizuri, hakuna mwenye farasi atakayeitundika ukutani ikiwa masikio yamelala.

Mambo ya usalama nitayasema mara moja tu. Usizungushe kamba ya farasi wala mkanda wa kamera mkononi. Ukitaka kushuka chini, chuchumaa. Usipige magoti yote mawili, kwa sababu ukitakiwa kuruka hutaweza. Acha flashi nyumbani. Funga kila lango ulilolifungua. Usikae kati ya jike na mtoto wake kwa sababu yoyote ile.

Hatua ya pili: simama mbali, vuta lenzi

Kosa la karibu kila mwanzilishi ni kumsogelea mno kwa lenzi pana. Matokeo yake ni pua kubwa kama ndoo, na miguu ya nyuma utadhani ni ya mbuzi. Tumia lenzi ya kati ya milimita 85 na 200, rudi nyuma hatua kumi au zaidi, na mwili utarudi kwenye uwiano wake. Mwenye simu atumie lenzi ya kuvuta kama simu inayo. Kama haina, apige kutoka mbali kisha akate picha baadaye. Ile namna ya simu ya kutia ukungu nyuma ya sura iache: hukata ncha za masikio na kula singa za shingoni.

Urefu wa kamera ni jambo dogo linalobadilisha kila kitu. Ukipiga ukiwa umesimama wima karibu naye, miguu inaonekana mifupi. Shusha kamera hadi usawa wa katikati ya kifua chake. Kwa picha ya kuonyesha umbo lote, ardhi iwe tambarare, wewe uwe mkabala na sehemu iliyo nyuma kidogo ya bega, na miguu yote minne ionekane bila mmoja kufichwa na mwingine. Mpe msaidizi mfuko wa plastiki wa kuchakarisha, ili masikio yaje mbele. Ujanja huo hufanya kazi mara tatu, labda nne, kisha farasi anachoka na kukutazama kwa dharau. Kwa hiyo usiutumie kabla miguu haijakaa sawa.

Mipangilio ya kuanzia: farasi aliyesimama, kasi ya shata (muda ambao kamera inaingiza mwanga, kwa sehemu za sekunde) 1/250, anayetembea, 1/500, anayekimbia kwa shoti au kuruka, 1/1000 kwenda juu. Tundu la lenzi linalopitisha mwanga liwe f/4 au f/5.6 (namba ndogo ndiyo tundu kubwa), kwa sababu kichwa cha farasi ni kirefu na ukifungua hadi f/1.8 utapata jicho kali na pua yenye ukungu. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iache ipande kadiri inavyohitajika. Picha yenye chembechembe inasameheka, lakini jicho lililotikisika halirudi. Weka fokasi ya kufuatilia, na kama kamera yako inatambua macho ya wanyama, iwashe. Hifadhi faili ghafi (RAW), yenye kila kilichorekodiwa na kamera, badala ya JPEG pekee, ambayo kamera imeshaibana. Sababu utaiona tukifika kwa watoto wa farasi.

Kuhusu mwanga, kumbuka kwamba kipimo cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Farasi mweupe akijaza fremu, kamera itamfanya mchafu; mweusi akijaza, itamfanya kama aliyepakwa majivu. Mweupe ongeza mwanga kidogo kwa mpangilio wa +/- wa kamera, kama +0.7, ila si kwenye jua kali, maana hapo mgongo utaungua na kupoteza kila unyoya. Mweusi punguza kama -0.7. Kisha tazama histogramu, yaani mchoro wa kamera unaoonyesha giza na mwanga vilivyogawanyika kwenye picha; kioo cha kamera hudanganya ukiwa juani.

Hatua ya tatu: jifunze kuhesabu miguu

Kwa karne nyingi wachoraji walimchora farasi anayekimbia akiwa amenyoosha miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, kama anayeruka juu ya mto. Mwaka 1878, huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kando ya njia ya mbio, kila moja ikifyatuliwa na farasi mwenyewe alipopita. Ikaonekana kwamba kwato zote nne huachana na ardhi kweli, lakini ni pale miguu inapokunjwa pamoja chini ya tumbo. Hivyo ndivyo na wewe utakavyoikuta kwenye kadi yako ya kumbukumbu, na mara ya kwanza utadhani umekosea.

Kutembea kuna mapigo manne, na ndiyo mwendo mgumu kuupendezesha kwenye picha. Bonyeza mguu wa mbele unapofika mwisho wa kunyooka. Troti, mwendo wa kati ya kutembea na kukimbia, ina mapigo mawili: miguu huenda jozi za mshazari, na kati ya pigo na pigo mwili huelea. Bonyeza hapo. Kanta, yaani mbio za taratibu, ina mapigo matatu, na kipande kizuri ni pale sehemu ya mbele inaponyanyuka na mguu unaoongoza kunyooshwa; pigo linalofuata huinamisha kichwa na kufanya farasi aonekane kama anajikwaa. Shoti, yaani mbio kali kabisa, inarudi kwenye mapigo manne, ya haraka sana.

Unaweza kubonyeza picha kumi kwa sekunde na kutumaini. Mimi naona ni bora kuhesabu kwa sauti. Ukishaingiwa na mdundo masikioni, picha tatu zinakutosha pale ambapo mwenzako amepiga mia mbili na bado hajui achague ipi.

Hatua ya nne: ufuate mwaka

Manyoya ya farasi hufuata urefu wa mchana kuliko baridi yenyewe. Siku ndefu kuliko zote ya mwaka ikipita, mwili huanza taratibu kujiandaa kwa koti zito. Siku fupi kuliko zote ikipita, huanza kuliachia, ingawa wewe utayaona manyoya chini baada ya wiki kadhaa. Kaskazini na kusini mwa dunia miezi hiyo hupishana kwa nusu mwaka. Karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki sana, koti nalo hubadilika kidogo tu, na kinachotawala picha ni mvua na vumbi. Kwa hiyo usifuate majina ya miezi. Fuata hali iliyoko mbele yako.

*Majani mapya na watoto*

Jike hubeba mimba kama miezi 11, na huwa tayari kupandwa siku zinaporefuka, ndiyo maana watoto wengi huzaliwa majani yanapochipua. Mtoto husimama ndani ya saa moja hivi tangu azaliwe. Hata hivyo siku zake za kwanza mwache. Mama ana wasiwasi, na picha zitakuwepo wiki ijayo.

Mtoto wa farasi ana ratiba: ananyonya, anakimbia kama mwendawazimu kwa dakika chache, analala ubavu kama aliyekufa, anaamka, ananyonya tena. Ukimkuta amelala, usiondoke. Weka 1/1250, keti nje ya ua, subiri anyonye. Mzunguko wa mbio huja baada ya hapo, na mara nyingi humzunguka mama. Kama ua ni wa waya, bandika lenzi karibu kabisa na waya huku tundu likiwa wazi, na waya utatoweka kwenye picha.

Hapa kuna mtihani wa mwanga. Farasi wengi weupe huzaliwa weusi au kahawia na kuwa weupe kadiri miaka inavyokwenda; wale wa Camargue nchini Ufaransa na Lipizzaner wa Vienna wanajulikana kwa hilo. Kwa hiyo unaweza kuwa na mama mweupe na mtoto mweusi kwenye fremu moja. Pima kwa mama, hakikisha mgongo wake haujaungua, kisha mtoto umtoe gizani baadaye kwenye faili ghafi. Kwa JPEG peke yake utamkuta mtoto ni kivuli chenye masikio.

Huu pia ndio wakati manyoya ya zamani yanapong'oka. Watu wengi hawapigi picha kipindi hiki wakiona farasi hapendezi. Mimi nakipenda. Picha ya mkono wa mtunzaji ukisugua, manyoya yakipeperuka dhidi ya jua la nyuma, haiwezi kupigwa mwezi mwingine wowote.

*Mvua*

Mawingu ni taa bora kuliko zote kwa farasi mweusi au mwenye rangi nzito, kwa sababu hakuna mng'ao mkali unaokata mwili vipande. Manyoya yakilowa rangi hukolea, na misuli hujichora.

Farasi akinyeshewa huupa upepo makalio na kubana mkia. Maana yake ni kwamba ukisimama ambako mvua haikupigi usoni, utapata picha za mikia. Ukitaka sura, simama upande ambao upepo unaelekea, mvua ikupige wewe. Vaa kofia yenye ukingo, ifunike kamera kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa kwa lenzi, na uweke kitambaa kikavu mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta. Matone yataonekana tu kama nyuma yake pana giza, mathalani miti mizito au mlango wa banda. Kwa 1/500 yatakuwa vitone. Kwa 1/125 yatakuwa mistari, na kwa farasi aliyetulia mistari hupendeza zaidi.

*Jua kali*

Piga saa moja au mbili za mwanzo baada ya jua kuchomoza, na za mwisho kabla halijazama. Katikati ya mchana kivuli hujaa chini ya tumbo na kwenye matundu ya macho. Huo ni muda wa kwenda kupumzika au kuhamia mlangoni mwa banda, ambako nitafika baada ya muda.

Nzi watakusumbua kuliko mwanga. Farasi anatikisa kichwa, anapiga mguu, anafunga macho. Kama amevaa kinyago cha kuzuia nzi, mwombe mtunzaji akivue dakika ya mwisho na kumfuta macho kwa kitambaa chenye unyevu. Vinginevyo, pigia picha hali hiyo hiyo: farasi wawili husimama kichwa kwa mkia, kila mmoja akimpepea mwenzake usoni, na ukifika kwa upole hawaendi popote.

Chujio la kupunguza mng'ao husaidia mwili unaong'aa kama kioo, ila hula mwanga, ukabaki kama nusu hadi robo. Na kama farasi ametoka kufanya kazi, utaona povu jeupe shingoni na kati ya mapaja. Jasho lake lina protini iitwayo latherini, inayotoa povu likisuguliwa. Ni picha nzuri, lakini isiwe wewe uliyeisababisha. Usiombe farasi akimbizwe kwenye joto ili upate fremu.

*Ukavu na upepo*

Huu ndio msimu wangu. Koti jipya limeanza kuja, bado fupi lakini zito, na rangi yake imekolea. Nyasi zilizokauka huakisi rangi ya dhahabu chini ya tumbo, mahali palipokuwa na giza wakati wa jua kali. Asubuhi zenye ubaridi na upepo farasi hupandwa na mzuka, akarusha teke hewani na kuzunguka uwanja bila kuambiwa.

Fika jua likiwa bado chini, ukae upande wa pili wake, yaani farasi awe kati yako na jua. Kila unyoya utapata uzi wa mwanga, na vumbi litageuka moshi. Ongeza mwanga kidogo kama unataka kuona sura, au punguza ubaki na umbo tu. Chagua kabla hajaanza kukimbia, maana baadaye hutakuwa na muda. Upepo ukimpiga kutoka mbele, singa hurudi nyuma vizuri. Ukimpiga kutoka nyuma, singa humfunika macho na hakuna la kufanya ila kuhama.

Msimu huu pia ndio wa kujaribu kumfuata kwa kamera. Shusha kasi hadi 1/60, simama miguu ikiwa imeachana, viwiko vimebana mbavu. Geuza kiuno kwanza uelekee ambako farasi atamalizia, kisha jirudishe uelekee anakotokea. Hivyo mwili utakuwa unafunguka unapomfuata badala ya kujisokota. Mlenge jichoni akiwa bado mbali, geuka naye kwa mwendo wake, bonyeza anapopita mbele yako, na uendelee kugeuka hata baada ya kubonyeza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanasimama pale wanapobonyeza. Kichwa kitakuwa kikali, miguu na nyasi vitakuwa mistari. Tarajia picha moja nzuri katika hamsini. Ukizoea, shuka hadi 1/30, ambako ni moja katika mia.

*Baridi na theluji*

Koti la baridi likisimama hushika hewa katikati ya nywele, na joto la mwili halitoki. Ndiyo maana utaona theluji imemlala farasi mgongoni bila kuyeyuka, naye anakula nyasi kavu hana habari. Ipige picha hiyo kwa karibu, lenzi ikiwa imevutwa: theluji, nywele, kope zenye barafu.

Theluji huidanganya kamera vibaya. Ongeza +1 hadi +2, la sivyo itakuwa rangi ya saruji. Kwenye kivuli itaelekea bluu. Usiiondoe bluu yote, maana ndiyo inayoleta ubaridi. Pumzi ya farasi huonekana ikiwa na jua nyuma yake na giza mbali zaidi. Subiri apulize pua kwa nguvu, humwaga mvuke mwingi kuliko akipumua kawaida.

Betri hupungua nguvu haraka kwenye baridi. Beba mbili za ziada kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili, na uzipokezanye. Kabla ya kuingia nyumbani funga kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uiache humo hadi ipate joto la chumba. Niliwahi kuipuuza hatua hii, nikakaa jioni nzima nikiangalia ukungu ndani ya lenzi.

Hatua ya tano: mlango wa banda

Picha hii haina msimu, na itakuokoa siku ambayo hali ya hewa imekataa. Mlete farasi asimame hatua moja ndani ya mlango, akitazama nje. Zima taa zote za ndani. Mwanga wa nje utampiga usoni, na nyuma yake patakuwa giza. Pima mwanga kwa shavu lake. Kwa f/4 na 1/250 anza na ISO 400 uone. Ndani zoa majani makavu yanayong'aa na uondoe ndoo. Msogeze nusu hatua mbele au nyuma hadi jicho lipate nukta ya mwanga. Bila nukta hiyo jicho ni tundu.

Hatua ya sita: kwenye kompyuta

Kazi kubwa ya hapa huanzia uwanjani. Kama farasi ana kamba kichwani, msaidizi aishike mbali na mwili, ikivuka mahali patupu, si shingoni. Ukimaliza, farasi akishaondolewa, piga picha moja ya mahali pale pale bila yeye, kamera ikiwa haijasogea. Ukifika nyumbani, kipande cha kamba na mkono wa msaidizi utavifunika kwa picha hiyo tupu badala ya kuhangaika kubuni nyasi.

Futa mate, tongotongo na majani mdomoni, ukipenda. Makovu usiyafute bila kumuuliza mwenyewe. Watu wengine humtambua farasi wao kwa hilo kovu. Rangi ya koti iache ilivyo, kwa sababu kahawia iliyosukumwa hadi kuwa ya machungwa itaharibu ulinganisho wako wote wa mwaka. Ukikata picha, acha nafasi zaidi mbele ya farasi kuliko nyuma, na usikate mguu kwenye kifundo wala kwenye kwato.

Kwa kila siku ya kupiga bakiza picha tano. Zipe jina la tarehe, ukiandika na upepo ulitokea wapi na jua lilikuwa upande gani. Pale ulipokuwa umesimama weka jiwe au piga kigingi, kwa idhini ya mwenye shamba, ili baada ya wiki mbili urudi hapo hapo, kamera ikiwa usawa ule ule, kabla koti halijabadilika tena.